Mlango wa Mtaa Mzima

Ukizikusanya picha za zamani za mtaa wetu, utadhani Tabora nzima ilikuwa na nyumba moja. Kila sebule ina picha ya Idi, na kila picha ina mlango ule ule: mlango wa nakshi wa Mhindi muuza vitambaa, wenye misumari ya shaba na ufa unaoshuka upande wa kulia. Mpiga picha alikuwa akisimamisha kamera yake ng'ambo ya barabara kwa sababu, alisema, pale ndipo jua lilipokuwa na adabu. Watu walipanga foleni na nguo zao mpya, wakapokezana kigoda kimoja, saa moja ya mkononi, na mkoba mmoja ambao Bibi anasema haukuwahi kufunguka. Wapigwe picha kwenye milango yao wenyewe? Ya mabati ya debe, na mbuzi kalala kizingitini? Hakuna aliyekuwa mjinga kiasi hicho.

Picha zikitoka ziliandikwa nyuma "Hapa ni nyumbani kwetu", zikapanda treni kwenda kwa ndugu wa Bukene, Urambo na Kigoma. Ndugu waliamini. Mjomba wake Bibi alishuka stesheni na gunia la karanga, akaenda moja kwa moja kwenye mlango alioujua, akapiga hodi, akavua viatu, akaketi. Muuza vitambaa alimpa chai. Alikuwa ameshazoea.

Tuliishi vizuri na uongo huo mpaka mwaka huu, wapimaji walipokuja na vigingi vyao. Barabara yetu inapanuliwa. Balozi wetu wa nyumba kumi alitutangazia kwamba atakayethibitisha nyumba yake ilikuwepo kabla ya Uhuru atapewa kiwanja kingine hapa hapa mjini. Asiyeweza atahesabiwa mvamizi, atapandishwa lori na kupelekwa kijiji cha ujamaa akalime tumbaku na wenzake. Hati hakuna aliyekuwa nayo, maana nyumba zetu zilijengwa kwa kuelewana tu. Basi, akasema, picha zitakubaliwa.

Bibi ana miaka sabini na kitu, na goti lake moja halikunjiki. Jembe analijua kwa kuliona kwenye nembo ya Taifa. Ametoka mjini mara moja tu, kwenda Goweko kwenye matanga, na alirudi akilalamika kwamba giza la huko ni jingi mno. Usiku ule wa tangazo alifuta vumbi kwenye picha yake ya Idi akaniambia tusiwe na wasiwasi. Mimi nilikuwa nao, ila sikusema. Mimi kusema huwa nachelewa.

Jumamosi karani alikaa kwenye baraza la shule ya msingi. Kijana wa Dar, suti ya mikono mifupi, kalamu tatu mfukoni. Alipokea picha moja moja na kuzipanga mezani. Ya kwanza ilikuwa ya balozi mwenyewe. Kufika ya nne mkono ukaanza kwenda polepole. Ya tisa ilikuwa ya Bibi. Kwenye ya kumi na moja akaweka kalamu chini.

"Ndugu zangu, ninyi nyote mlikuwa mnakaa nyumba moja?"

Balozi, ambaye sijawahi kumwona akikosa hotuba, akasema, "Ndugu karani, huu ndio ujamaa wenyewe. Sisi huku tuliuanza mapema."

Watu wakacheka. Karani hakucheka, akaagiza muuza vitambaa aitwe. Nyumba yake huyo ilichukuliwa na serikali pamoja na majumba mengine ya kupangisha, na sasa anapanga vyumba viwili nyuma ya mlango wake mwenyewe. Alizitazama picha zote bila haraka.

"Ilikuwa yangu," akasema. "Sasa wanasema ni yetu sote. Sikujua kama hawa wenzangu walinitangulia."

Karani alitupa muda mpaka Jumatatu tulete picha za nyumba zetu wenyewe.

Nikapekua sanduku la Bibi hadi chini, na chini ya kitambaa cha ndani nikakuta picha ambayo sikuwahi kuonyeshwa. Mbele yuko balozi, kijana, ameshika baiskeli mpya, amefumba macho. Nyuma yake ni mtaa wetu wenyewe, nyumba nne zimeonekana vizuri, na ya kwetu imo: mlango wa debe, namba ya chokaa juu yake, mbuzi. Na mlangoni Bibi kachuchumaa, kanga moja kifuani, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, mashavu yamevimba kama ya chura, anapuliza moto wa mkaa. Nyuma ya picha kuna mhuri wa mpiga picha na mwaka, wa kabla ya Uhuru. Bibi akaninyang'anya. Balozi aliikataa picha ile kwa sababu ya macho, Bibi akanieleza, na yeye Bibi akaichukua ili isimfikie mtu mwingine.

"Bora nikalime hiyo tumbaku," akasema, "kuliko mkutano mzima unione hivi."

Jumatatu niliichukua. Sikuomba, na humu daftarini sitasema niliazima. Nilingoja foleni iishe, nikamwekea karani picha mezani huku kidole gumba changu kimemfunika Bibi.

"Toa kidole, dada," akasema.

Nikatoa. Aliangalia namba, akageuza, akasoma mhuri, wala hakucheka. Akasema mwenye nyumba aje mwenyewe kesho. Balozi alikuwa anachungulia begani kwake, akajiona, akaiona na nyumba yake.

Nilipomwambia Bibi nilichofanya alizidi kupepeta mchele. Jioni wakaja majirani wa zile nyumba nyingine tatu, na mkate wa kumimina, na shikamoo nyingi kuliko za mwaka mzima. Balozi alikuwa na rai. Kwa heshima ya mama yetu, akasema, tumkate pale alipo kwa mkasi, tubaki na nyumba tu.

"Ukinikata mimi," Bibi akamwambia, "na mlango wangu umeukata."

Jumanne alivaa doti yake ya Idi, akajitanda, akapaka wanja. Tulitembea taratibu kwa sababu ya goti, mtaa mzima nyuma yetu. Aliiweka picha mezani uso juu, na nyuma yetu mtu akaguna kwa kicheko.

"Huyo mwenye mashavu ni mimi," akamwambia karani. "Moto huo ulikuwa wa chai ya mume wangu. Mlango ni wangu. Andika."

Karani akaandika. Balozi akasogea mezani kuonyesha ya kwake, Bibi akaifunika picha kwa kiganja.

"Wewe ngoja. Waambie kwanza kwa nini ulifumba macho."

Balozi akakohoa, akasema jua. Kiganja hakikuondoka. Akasema vumbi. Mwishowe akaeleza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwenye hotuba zake, kwamba siku ile aliiogopa kamera. Ndipo Bibi akainua mkono, karani akaendelea kuandika.