Kauboi wa Njoroge

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, ambayo sipendi kuikumbuka. Leo nitakusimulia, kwa sababu jana nilikusikia ukimkosoa mama yako mbele ya wageni.

Nilikuwa kidato cha pili, nimekuja likizo Thika kukaa na ndugu yangu mkubwa, Njoroge. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo kule Eneo la Viwanda. Yeye aliacha shule akiwa darasa la nne, na jasho lake ndilo lililonisomesha. Jumamosi mchana, zamu ikiisha, wafanyakazi walionyeshwa sinema katika ukumbi wao. Filamu waliyoipenda ilikuwa moja tu, ya makauboi, imechakaa mpaka picha zinarukaruka. Mwanamume anavuka jangwa akimrudisha farasi wa rafiki yake aliyefariki, ampeleke kwa mama wa marehemu, na majambazi wanamvizia njiani. Ni hayo tu. Tuliitazama hata tukajua farasi atajikwaa wapi.

Lakini ukumbi ulijaa kila mara, na sababu ilikuwa Njoroge. Kiingereza kilikuwa kinatupita wengi, kwa hivyo yeye alisimama kando ya kile kitambaa cheupe cha kuonyeshea sinema akatafsiri. Kutafsiri gani! Kiingereza chenyewe hakukijua. Kauboi alikuwa mtu wa maneno machache, na Njoroge alimjazia. Mama mwenye hoteli akimpa kauboi kahawa, Njoroge anasema, “Mama, hii kahawa yako iko na maji mingi kama ya kantini yetu. Ama wewe ni dada ya supavaiza?” Watu walicheka wakishika mbavu. Kisha farasi akifikishwa nyumbani, sauti yake ilishuka: “Mama, kijana yako sikuweza kumleta. Nimekuletea farasi yake.” Hapo wanaume wazima, waliowaacha mama zao mbali, walipangusa macho.

Siku hiyo nilikuja na wenzangu wawili wa shule. Niliwaona wakitazamana na kutabasamu, nikaona aibu. Aibu ya nini, mpaka leo sijui. Ilipofika pale kwenye kahawa nilisimama nikapaza sauti, “Hajasema hivyo! Amesema tu asante!”

Ukumbi ukacheka, na safari hii, mwanangu, walimcheka yeye.

Njoroge hakukasirika. Alinitazama, kisha akasema polepole, “Haiya. Basi wewe ndiyo umesoma, Kamau. Kuja utuambie.” Akaenda kuketi nyuma.

Nilikwenda mbele kwa madaha. Nikatafsiri sawasawa: asante, ndiyo, hapana, twende. Watu wakaanza kupiga miayo, halafu wakatoka mmoja mmoja. Farasi alipofikishwa nyumbani, kauboi alimkabidhi mama kamba bila kusema neno, na mimi sikuwa na la kusema. Ndipo nilipojua kwamba yale maneno yaliyotutoa machozi kila wiki hayakuwa kwenye filamu kabisa. Yalikuwa ya Njoroge.

Hakusimama tena mbele ya watu. Wenzake walimbembeleza, akasema koo linamsumbua. Nilijua si kweli, nikanyamaza. Nilijiambia nitamwomba msamaha likizo ijayo, halafu nikimaliza shule, halafu nikioa. Tuliishi vizuri, tulisaidiana, tuliwazika wazazi wetu pamoja, na jambo lile hatukuligusa hata siku moja.

Mwaka jana alipatwa na kiharusi nyumbani kwake Kiuu, kule Ruiru, akapoteza sauti. Mjukuu wangu aliitafuta ile filamu akaniwekea kwenye simu, nikampelekea. Tuliitazama asubuhi moja, wazee wawili kwenye kitanda kimoja. Bado inapendeza, nakuambia. Jangwa bado linatisha, majambazi bado ni wajinga vilevile, na kila kauboi alipofungua mdomo, mimi nilimsikia Njoroge. Ilipofika kwenye kahawa nilishindwa kuvumilia. Nilimshika mkono nikamwambia, “Njoroge, nisamehe ile siku.”

Alinitazama. Midomo yake ilitikisika, neno halikutoka. Machozi yalimtiririka, na sijui yalikuwa ya kunisamehe au ya kunilaumu. Wiki mbili baadaye tulimzika.

Ninaumia, mwanangu, sikufichi. Kwa hivyo sikiliza. Mtu akiwafurahisha wengine, mwache amalize. Kama amekosea, ngoja mbaki wawili, na hapo pia jiulize kama kuna haja ya kusema. Na ukimkosea mtu usijipe miaka kama nilivyojipa mimi. Mwendee angali na sauti ya kukukatalia. Hata akikufukuza mlangoni, utakuwa umejibiwa.

Mama yako yuko jikoni sasa hivi. Nenda kwake. Mungu aulainishe ulimi wako, akupe maisha marefu, na asikunyime jibu.