Kipa wa Kwenye Mfuko wa Koti

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyopanga foleni ya wagonjwa kwenye zahanati ya Busunzu na mimi siumwi hata ukucha. Nilikaa kwenye benchi katikati ya kina mama wenye watoto wa homa, mkoba nimeubana kwapani, macho yangu kwenye mlango wa daktari. Ndani ya mkoba kulikuwa na kadi moja ya mchezaji wa mpira, na nilikuwa nimetoka nayo Kasulu alfajiri ili nije nimshike tapeli kwa mikono yangu mwenyewe.

Usicheke kwanza. Mwaka ule wa 2014 nilikuwa mtu mzima, nina meza yangu ya mitumba ya watoto sokoni, lakini kwenye mambo ya kuuza kwa simu nilikuwa mchanga kabisa. Aliyeyajua ni mdogo wangu Zuhura, niliyekuwa naishi naye na kumfundisha kazi. Yeye ndiye alikuwa na simu ya kupangusa. Mimi yangu ilikuwa ya tochi, na nilikuwa naiamini zaidi kwa sababu ilikuwa haijui kunionyesha watu nisiowafahamu.

Tukifungua robota la makoti ya watoto yaliyotoka Ulaya, kazi ya kwanza ni kupekua mifuko. Unakuta pipi iliyoyeyuka, glovu ya mkono mmoja, tiketi ya basi la huko kwao. Mara mojamoja unakuta kadi: karatasi ngumu inayoenea kiganjani, mbele picha ya mchezaji, nyuma maelezo yake. Nilikuwa nawagawia watoto wa jirani. Zuhura ndiye aliyegundua kwamba huko mtandaoni kuna kundi la watu wazima, wenye kazi na familia zao, wanazikusanya kadi hizo na kuuziana. Nikamwambia hao watu lazima kuna kitu wanaficha. Mtu mzima atoe hela anunue picha ya mtu asiyemjua, aiweke ndani ya kopo? Siku hizo maneno ya watu wanaotafuta utajiri kwa njia za giza yalikuwa yamejaa mjini, na mimi nikaona kwenye kadi hizo ndipo wanapopitia.

Basi akajitokeza mteja mmoja anaitwa Mhina. Akasema yeye ni daktari, mtu wa Tanga, kapangiwa kazi Busunzu, upande wa Kibondo. Alitaka kadi ya kipa tuliyoikuta kwenye mfuko wa koti moja. Zuhura akamtajia bei ya kuanzia, ile unayoitaja huku unajua utashushwa. Yule bwana akajibu sawa. Mwanangu, mimi mteja anayekubali bei ya kwanza namwogopa kuliko anayenitukana. Akatuma hela yote siku hiyohiyo, nikazidi kuogopa. Halafu yakaanza maswali. Akaomba picha ya upande wa nyuma, akatumiwa. Akaomba picha nyingine, kadi ikiwa imelazwa mezani. Akaomba kadi ibanwe katikati ya vipande viwili vya boksi kabla haijakabidhiwa kwa kondakta wa basi.

"Daktari gani huyu ana muda wa kukagua karatasi?" nilimuuliza Zuhura. "Hana wagonjwa huko?"

"Dada, achana naye, nitamjibu mimi," akasema, lakini ile picha ya mezani sikumwona akiipiga. Nikadhani na yeye kaingiwa na hofu kama mimi. Nikamwambia kipa haendi na kondakta yeyote, nitampeleka mwenyewe, nimwone huyo mtu machoni. Zuhura alinisihi nisijisumbue na vumbi la njiani. Nikaona ni upendo.

Pale kwenye benchi mama mmoja aliyekuwa amempakata mtoto akanisalimia, "Mwakeye, mama. Wewe unaumwa nini?"

Nikamwambia tumbo. Akauliza upande gani. Nikamwambia linahama. Akanitazama vizuri kisha akamsogeza mwanawe upande wa pili.

Zamu yangu ilipofika nikaingia, nikafunga mlango. Kumbe ni kijana tu, koti lake jeupe limefuliwa mpaka limekonda. Akanipa shikamoo yangu. Badala ya kumweleza ugonjwa nikaitoa kadi nikaiweka mezani. "Mimi ndiye mwenye kipa," nikamwambia. "Sasa niambie unamtakia nini."

Yule kijana alifurahi, mwanangu, mpaka nikakosa pa kuangalia. Akafungua droo, akatoa kopo la biskuti, akapanga mezani wachezaji kumi, kingo zao zimelika kwa kushikwashikwa. Akasema marehemu baba yake alikuwa mpagazi bandarini Tanga, na mabaharia walikuwa wakimpa kadi hizo, naye akamletea mwanawe mojamoja. "Tulibakiza kipa, mama. Baba akasema kipa tutamtafuta. Akafariki hajampata."

Moyo ulinilegea kidogo. Kidogo tu, maana nilijua pia kwamba watu wa pwani wana maneno matamu.

Akaichukua kadi, akaenda nayo dirishani kwenye mwanga. Akapitisha kidole taratibu kwenye ukingo, na kwenye kona ya chini kikasimama. Furaha yote ikamtoka usoni. "Mama, hii kona imekunjika," akasema.

Nikaruka kwenye kiti. Niliona mtego wote umekamilika: ameikunja mwenyewe akiwa amenipa mgongo, sasa atadai hela yake arudishiwe na kadi abaki nayo. "Umeikunja wewe!" nikapiga kelele. "Sasa hivi hapo dirishani! Nimekuona!" Kule nje kwenye benchi wagonjwa wote walisikia. Na sikuwa nimeona chochote, mwanangu. Nilikuwa nimeona kile nilichotoka nacho Kasulu.

Yule kijana alitoa simu yake, akatafuta, akanisogezea. Ilikuwa picha aliyotumiwa na Zuhura. Kadi imeshikwa kwa mkono, inang'aa, na kidole gumba kimelala juu ya kona ileile ya chini.

"Kidole hiki ni cha nani, mama?"

Kidole kilikuwa na hina, na chini ya ukucha kulikuwa na kovu la kisu cha kukatia kamba za marobota. Kidonda chake nilikuwa nimekifunga mimi kwa mikono yangu. Nilikaa chini. Nikamwomba radhi kwa zile kelele, nikamwambia achukue kadi nasi tumpunguzie bei. Akatikisa kichwa.

"Ningemchukua hivyohivyo alivyo," akasema. "Baba asingejali kona. Niliomba picha ya mezani, nikaomba tena. Sasa kila nikimtazama kipa nitakuwa naona hicho kidole tu." Akanirudishia kadi, akawarudisha wale kumi kwenye kopo, akaniomba nimtumie hela yake nikifika nyumbani. Aliniambia yamekwisha, lakini hakunitazama. Nilipopita kwenye benchi yule mama akaniuliza kama tumbo limepoa, nikakaza mwendo kwenda kituo cha basi.

Nilifika Kasulu nimevimba kwa hasira. Zuhura alikuwa anapanga makoti mezani. Nikamwaga yote, kwamba ni mwongo, kwamba kanidhalilisha mbele ya wagonjwa, kwamba nimemlea ili aje kuniharibia jina. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akavuta koti moja jekundu nililolipanga mimi jana yake, akaukunjua mkono wake wa kushoto, na doa la oili likatokea.

"Hili nani kalikunja, dada?" akauliza kwa upole. "Si ulinifundisha wewe? Ulisema mteja ana macho, atafute mwenyewe."

Nilitaka kumwambia kwamba sokoni ni tofauti, sokoni mteja anakunjua kwa mikono yake. Maneno yalinifika mdomoni nikayasikia. Yule wa Busunzu angekunjua na nini? Nilisafiri kwenda kumtafuta tapeli kwa watu, na tapeli nilikuwa nimemfundisha kazi mwenyewe, mezani kwangu, kwa koti jekundu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

Jioni ile tulirudisha hela. Zuhura akailaza kadi mezani, kona iliyokunjika ikaelekezwa mbele, akapiga picha bila mkono wa mtu. Akaandika kwamba kona ya chini imekunjika, kwamba tunaomba radhi, na kwamba tunampa bure. Ujumbe ulisomwa. Hakujibu. Baadaye tukasikia kahamishwa mkoa mwingine, na namba yake haikupatikana tena.

Sasa wewe, mwanangu, unafungua duka ndani ya simu. Anza na kasoro. Piga picha ya doa, ya mkunjo, ya kifungo kilichotoka, halafu ndiyo uonyeshe uzuri. Mteja wa mbali ameazima macho yako, usiyafumbe. Akiuliza, mjibu, akiuliza tena, mjibu kwa sauti ileile, maana anayekukagua sana huenda ndiye aliyekipenda kitu kuliko wote. Ukikosea, rudisha hela kabla hujaanza kujitetea. Na ukijikuta unamshuku kila mtu anayenunua kwako, funga duka siku hiyo, kagua meza yako kwanza.

Kipa huyu hapa, mchukue. Mtundike ukutani dukani kwako, kona iwe mbele. Huko mahali fulani kuna wachezaji kumi ndani ya kopo la biskuti, hawana kipa, na siku mwenye kopo akitokea umpe bila kumdai.

Mungu akupe wateja wenye maswali mengi, mwanangu, na akupe moyo wa kuwajibu wote.