Kamati ilikwenda Ziba kukagua njia, mabati yangu yakabaki Kanyenye

Mwangaluka wakuu.

Wenye umri wa wanangu semeni shikamoo kwanza ndipo muendelee kusoma. Marahaba. Sasa tukae.

Chai nimepika ofisini karibu maisha yangu yote ya kazi. Humu sipiki. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo hata ufundi wa kutunga sina. Majina nimebadilisha. Taasisi siitaji, ni ya serikali, ni kubwa, ina ofisi ya kanda hapa Tabora, inatosha.

Nilikuwa mhudumu kwenye kitengo kinaitwa Usafirishaji na Huduma Saidizi. Ukisikia jina unaweza kudhani ni mahali ambapo vitu vinasafirishwa na watu wanasaidiwa.

Kitengo kilishika magari, stoo, usafi na chai. Chai peke yake ndiyo iliyokuwa haichelewi, kwa sababu haikuhitaji saini.

Niwape mfano mdogo mjue nazungumzia nini. Sabuni ya kunawia ikiisha ofisini kwetu, haikuwa ruhusa kuvuka barabara kwenda kununua dukani. Inaombwa makao makuu. Makao makuu wanainunua, wanaipakia, inakuja. Siku moja gari lenye sabuni yetu lilipita mbele ya geti letu, dereva akatupungia mkono, akaenda zake Kigoma. Alikuwa ameagizwa aanze kushusha kwa walio mbali.

Sabuni ikatukuta wakati anarudi. Katikati hapo tulinawa kwa majivu, wasomi kwa wahudumu, hapakuwa na cheo.

Mkuu wa kitengo nitamwita Kondo. Jina si lake ila kabila ni lake, Mzaramo wa Kisarawe. Mimi Mnyamwezi. Kwa vijana msiojua, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu zamani za misafara. Babu zetu walipokuwa wanabeba pembe kwenda pwani, walikuwa wanafika kwa Wazaramo wamechoka, wengine wanafia hukohuko, wanazikwa na hao hao. Wakazoeana mpaka wakaanza kutukanana bila kugombana.

Basi kila asubuhi ilikuwa hivyo.

"Bibi mpagazi," Kondo ataniambia, "babu zako walibeba pembe mpaka Bagamoyo, wewe sinia moja la chai linakuchelewesha?"

"Nilikuwa naulizia kiti unachokalia," namjibu. "Nasikia Mzaramo akikalia kitu siku mbili, siku ya tatu amekiuza."

Anacheka, anakunywa chai, siku inaanza. Sikuwahi kumchukia yule kijana na simchukii leo.

Sasa tuje kwenye kisa.

Nilistaafu. Mtumishi wa serikali akistaafu, mwajiri anatakiwa amsafirishe na mizigo yake mpaka kwao. Si hisani, ni haki. Kwetu ni Ziba, wilaya ya Igunga. Kule nilikuwa nimesimamisha nyumba ya tofali mbichi mpaka kwenye lenta. Bado paa. Mabati na mbao za kenchi nilikuwa nimenunua kidogo kidogo hapa mjini na kuvirundika kwenye chumba nilichopanga Kanyenye, mpaka kitanda kikawa kinapumulia pembeni.

Anayejua tofali mbichi anajua. Kiangazi kizima ukuta unasimama kama askari. Mvua kubwa ya kwanza ikiukuta bila paa, unarudi kuwa udongo.

Kwa hiyo nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani. Mabati yangu yafike Ziba kabla ya mvua.

Taasisi ina lori. Liko yadi, naliona kila siku. Nikaenda kwa Kondo, nikaambiwa lori halina tairi. Tairi likapatikana, dereva akawa safarini. Dereva akarudi, mafuta yakawa hayajaidhinishwa. Mafuta yakaidhinishwa, aliyetakiwa kusaini akaenda semina. Mada ya semina ilikuwa huduma bora kwa mteja, siongezi chumvi.

Nikawa nakaa kwenye benchi nje ya ofisi ile ile niliyokuwa nadeki.

Aliyechukua nafasi yangu alikuwa ananiletea chai. Ya moto, Mungu ambariki, ila sukari anabania.

Pembeni kidogo. Katika kipindi hicho hicho walikuja wageni kutoka makao makuu, wakataka kwenda Kwihara kuona tembe la yule mzungu msafiri wa zamani, siku hizi ni makumbusho. Landikruza ikawaka, tangi limejaa, dereva kapiga pasi. Nikawaza kimoyomoyo, mzungu aliyekufa kabla bibi yangu hajazaliwa anapata gari, mimi niliye hai nasubiri saini. Labda ningekufa kwanza.

Kaka yangu Masanja, ndiye anayeishi pale Ziba na kuangalia ile nyumba, akawa anapiga simu.

"Dada, mawingu yameanza kutoka upande wa ziwa."

"Yazuie."

"Niyazuie na nini?"

"Na hicho kidomo unachonipigia simu badala ya kukata majani ufunike ukuta."

Hasira zilikuwa si zake, maskini.

Nikalia kwa Kondo tena, safari hii bila utani. Akanihurumia kweli. Akaita kikao. Kikaunda kamati. Jina lake Kamati ya Kumsafirisha Mstaafu. Ilikuwa na mwenyekiti, katibu, mtu wa stoo, mtu wa magari na mmoja ambaye sikuelewa ni wa nini, ila alikuwa anabeba begi.

Kamati ikaamua kwamba kabla lori halijaenda Ziba, lazima njia ikaguliwe.

Wakuu, njia ya Ziba mabasi yanapita kila siku ya Mungu. Wasukuma wanapitisha ng'ombe. Nikawaambia hivyo. Mwenyekiti akanijibu kwa upole kwamba mabasi si ya taasisi.

Asubuhi wakawa wanaondoka na landikruza. Nikakimbia na furushi la misumari na bati tatu kichwani. "Basi bebeni hata hivi."

Mwenyekiti akashusha kioo. "Mama, gari la ukaguzi halibebi mizigo."

"Nyuma si patupu?"

"Ni patupu kwa ajili ya ukaguzi."

Wakaenda. Wakafika Ziba salama, maana yake njia ipo. Masanja akawachinjia kuku wawili akijua ni watu wangu. Wakala. Wakapiga picha ukuta wa mbele, ukuta wa nyuma, ukuta wa jikoni. Wakarudi wakaandika kwamba njia inapitika na nyumba iko katika hali nzuri.

Nikauliza lori lini. Wakasema sasa wanasubiri taarifa ya ukaguzi isomwe.

Katika kusubiri isomwe, ndipo ikaja barua ya kunialika kwenye hafla ya kuniaga. Mkubwa kutoka makao makuu atakuja. Nivae vizuri, niandae maneno ya shukrani.

Siku ya hafla nimefika kwenye viwanja na kitenge changu cha kanisani. Nakuta nini. Lori.

Lori lile lile. Limeoshwa. Limebeba viti, meza, spika na maturubai ya taasisi yenye maandishi makubwa ubavuni. Limeshusha kila kitu, limebaki na turubai moja la akiba limekunjwa nyuma. Dereva anajipepea kivulini.

"Mafuta mmepata wapi?" nikamuuliza.

"Ya hafla hayo, bibi. Ya hafla hayana foleni. Nimejaza mpaka juu."

Nikaenda kukaa meza kuu. Asubuhi ile ile Masanja alikuwa amenipigia kwamba Nzega inanyesha.

Wakanipa zawadi. Makochi. Seti nzima, la watu watatu na mawili ya mmoja mmoja. Mtu anasubiri lori la kubeba mabati, unamwongezea makochi. Nikapiga makofi kama wengine.

Kondo akasoma hotuba. Akamwambia mkubwa kwamba mama huyu ametuhudumia kwa uaminifu na sisi tunamhudumia, safari yake iko katika hatua za mwisho. Mkubwa akatikisa kichwa, ameridhika.

Nikaitwa kushukuru. Nikashika kipaza sauti.

"Sina maneno mengi. Huyu Kondo ni mtani wangu na ninyi nyote mnajua. Leo nimemkamata lori."

Nikaweka kipaza sauti mezani, nikatembea mpaka kwenye lori, nikapanda mbele, nikafunga mlango.

Kwa wasiojua tena. Mtani akikamata kitu chako mbele za watu, una njia mbili. Unamwachia, au unakikomboa kwa kile atakachokubali yeye. Kumfukuza huwezi. Kununa ndiyo kabisa, ukinuna umeshindwa na kwenu pia wanaaibika. Kwenye misiba mtani analala mpaka kaburini na hatolewi mpaka apewe kitu. Mimi nilikuwa nimelala kwenye lori.

Wanyamwezi na Wasukuma waliokuwepo wakapiga vigelegele. Kondo akaja dirishani anatabasamu, jasho linamtoka.

"Mtani, shuka. Watu wanakula."

"Wale. Mimi nimeshiba taratibu."

"Nikukomboe kwa nini? Sema. Kreti ya soda? Kuku mzima?"

"Kuku wangu mlishamaliza Ziba."

"Kibali cha lori hakijasainiwa, mtani. Nitaandikiwa barua mimi."

"Waambie ulikamatwa."

"Na nani?"

"Na mpagazi. Waambie alikuwa amechoka kubeba."

Watu wakaangua kicheko. Mkubwa akasimama kuja kuangalia kuna nini. Yeye si wa huku. Akauliza, "Huyu mama anadai nini?"

Akamjibu Bi Kalunde wa masijala, Mnyamwezi mwenzangu. "Hadai, mheshimiwa. Amekamata. Ni utani wao."

"Akikamata inakuwaje?"

"Anaachiwa au anakombolewa. Akikataliwa, aibu ni ya aliyekataa. Na hapa tupo wengi, itafika Kisarawe kabla ya jua kuzama."

Mkubwa akamgeukia Kondo. "Si umesoma sasa hivi kwamba ni hatua za mwisho?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Basi hii ndiyo ya mwisho. Waende."

Kondo akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyemeza mfupa, lakini alicheka, akampungia dereva mkono. Hapo nampa haki yake. Wengine wangenuna.

Tukapakia makochi yao palepale, tukapitia Kanyenye kuchukua mabati, mbao na vyombo. Vijana wa mtaani walipakia wanaimba. Tukashika njia ya Nzega nikiwa bado na kitenge cha hafla na ua la karatasi kifuani.

Kupita Nzega, upepo ukaanza kunuka udongo uliolowa. Dereva akakanyaga mafuta bila kuambiwa.

Tulifika Ziba jua likiwa linashuka. Masanja amesimama nje, ananionyesha nyuma kwa kidevu. Nikazunguka nyuma mwenyewe.

Ukuta wa jikoni ulikuwa chini. Mvua ya jana yake, na asubuhi kwenye simu Masanja aliogopa kuniambia. Kwenye picha za kamati umesimama mpaka leo.

Kuta zilizobaki zilikuwa zimeanza kulainika kwa juu, ukigusa kidole kinaingia. Na wingu lingine lile pale, jeusi, linakuja. Kupiga kenchi jioni ile haiwezekani hata ukiwa na mafundi kumi. Nilikaa chini. Ndiyo mara pekee nilikaa chini.

Dereva ndiye aliyesema. "Bibi, kuna turubai nyuma."

Wakaja majirani, wafugaji waliokuwa wanarudisha ng'ombe. Wakalivuta lile turubai la taasisi juu ya kuta, wakalifunga kwa kamba za ng'ombe, maandishi ya serikali yakitazama mbinguni. Hawajamaliza fundo la mwisho, mvua ikashuka.

Kuta zile hazikudondoka. Nililala kwenye kochi la hafla, chini ya turubai la hafla, kwenye nyumba yangu. Dereva alilala kwenye kochi lingine, anakoroma kama lori lake.

Mafundi walikuja kulipokucha, na kabla ya Jumapili bati lilikuwa juu. Jiko nitajenga kiangazi, sasa hivi napikia kibandani.

Baada ya muda Kondo akanipigia. Barua alishaandikiwa, akajieleza, yakaisha. Alikuwa na jingine.

"Mtani, turubai letu la akiba."

"Lipo. Limekauka, nimelikunja vizuri. Njoo ulichukue."

"Nitatuma gari."

"Lini?"

"Kuna kamati inaundwa."

Turubai liko sebuleni, wakuu. Limekaa kwenye kochi la mmoja, linasubiri usafiri.

Nilichojifunza ni hiki. Ukikaribia kustaafu, mabati yatangulie ungali na funguo za ofisi mkononi. Usisubiri kuagwa. Kwenye kuaga kila kitu kinapatikana, lori, mafuta, dereva, mkubwa, ila kinapatikana kwa ajili ya kuaga tu.

Wastaafu mliokalia benchi, semeni na ninyi mlitokaje, au kama bado mmekaa. Watu wa vitengo vya usafirishaji mliomo humu, njooni mjitetee, nitawasikiliza bila kuwakatiza. Wazaramo, nanyi karibuni, ila mkija kwangu msikalie makochi kwa muda mrefu.