Jina la Mhunzi

Leo asubuhi hapa Xiaobei, mtaa huu wa ugenini wenye wafanyabiashara wengi Waafrika, fundi alikuwa akichomelea toroli nje ya ofisi ya kago, na harufu ya chuma cha moto ikanisimamisha na mzigo wangu begani.

Ilinirudisha utotoni: nilikuwa mdogo, nimekaa juu ya gunia la mkaa katika karakana ya babu. Baba aliingia kwa hasira.

"Mzee, kazini wananicheka. Kesho nalifuta hili jina la Smith. Ni jina la watumwa wa Wazungu."

Babu hakuweka koleo chini. Chuma alichokibana kilikuwa chekundu.

"Smith ni mhunzi. Hata huko Uingereza walianza kuitwa hivyo wafua vyuma. Babu yako alifua majembe. Wamisheni walishindwa kutamka jina la ukoo wetu, wakamwita kwa kazi yake."

"Na hilo waliloshindwa kutamka ni lipi?"

Chuma kilipoa kwenye koleo la babu mpaka kikawa cheusi.

"Marehemu baba hakuwahi kuniambia," Babu alisema.

Baba akavua koti lake la ofisini, akachuchumaa kwenye mivukuto, akaanza kuvukuta moto.