Santuri Nilizozianika Pamoja na Maharage

Sisi tuliokulia Mhezi kabla umeme haujapanda mlima, wimbo ulikuwa na siku yake, nayo ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Leo kijana anauita wimbo kwa kidole gumba, anausikiliza kidogo tu, anauruka. Ukimuuliza, anasema haujamgusa. Utakugusaje, mwanangu, na hujaukaribisha hata kukaa?

Mwenye muziki kijijini alikuwa Mjomba Ombeni, kaka yake mama. Alifanya kazi kwenye shamba la mkonge huko tambarare, na siku aliporudi nyumbani moja kwa moja alipanda na godoro, gramafoni ya betri na santuri saba za fanki alizouziwa na fundi mitambo wa shambani aliyekuwa anahamia kwao. Sisi tulizoea kwaya na ngoma. Fanki ya Wamarekani weusi ilikuwa kitu kingine: besi inakutembea tumboni, tarumbeta zinajibizana, na mwimbaji anaguna kama mtu aliyebeba gunia la tangawizi kwenye mteremko. Hatukuelewa neno hata moja, ila miguu ilielewa. Mama, mwalimu wa kwaya, alisimama mlangoni amejifunga kanga, hachezi, anatuangalia tu. Tulijua yeye si mtu wa mambo hayo.

Sasa kosa langu. Kwetu ukungu ukishuka kutoka msituni unaweza kukaa wiki mbili, unaingia mpaka kabatini. Mama alikuwa na msemo wake: "Jua likitoka, anika kwanza, maswali baadaye." Tulianika maharage, magodoro, vitabu vya nyimbo, hata betri, maana betri iliyochoka ukiianika inapata nguvu ya nyimbo mbili tatu zaidi. Jumamosi moja jua lilitoka, na baragumu la msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, likalia. Wakubwa wote wakaenda na majembe kuzibua ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba. Mimi, mtoto wa miaka minane, niliachwa kuyalinda maharage yasiliwe na kuku, na mjomba akaniagiza nimwanikie betri zake.

Nilipozifuata ndani nikaona santuri zimeota kuvu jeupe. Nikawaza, kama jua linafufua betri, santuri je? Nikazifuta kwa kitambaa cha maji, nikasugua mpaka karatasi za majina zikabanduka, nikazipanga zote saba juani pembeni ya maharage. Nilikaa nikizitazama kwa fahari, nikisubiri kusifiwa.

Waliporudi zilikuwa zimejikunja kingo kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango. Sita hazikulia tena. Ya saba sindano ilirukaruka kwenye ukingo, ikatulia ilipokaribia katikati, basi tangu siku ile wimbo wetu ulianzia katikati. Mjomba alisema tu, "Mtoto kaanika. Si ndivyo mlivyomfundisha?" Nikasubiri fimbo ya mama, haikuja. Alikaa kizingitini na ile ya saba mapajani, anaupapasa ukingo. Nilidhani ni hasira, na kwa hasira ya kimya namna ile, heri ningechapwa.

Mama ametangulia. Mimi sasa naishi Same mjini na ni bibi wa watu. Mwaka jana mjomba aliniambia kwamba sikio la kulia limeshafunga, na la kushoto linaaga. Aibu yangu ya utotoni ikanipanda upya. Nikasema lazima ausikie wimbo wake mzima kabla sikio hilo halijafunga. Lakini jina la wimbo ningelitoa wapi, na mimi ndiye niliyelifuta?

Binti yangu aliye Dar akaniambia siku hizi muziki wa zamani unatolewa upya, kazi zote za kundi kwa pamoja, ndani ya boksi moja. Akanipatia simu ya muuzaji. Nikamgunia muuzaji yule kwenye simu, mama mzima. Akacheka, akasema mgunaji huyo anamjua, ila wimbo hajui ni upi. Boksi likaja: diski kumi na mbili na kitabu kinene chenye picha za wanaume wenye nywele kama kichaka na suruali zinazofagia sakafu.

Na hapa nijiseme mwenyewe. Nilisikiliza kama hao vijana niliowasema. Mwanzo kidogo, si wenyewe, ruka. Siku nne nilizipitia diski zote mara mbili, wimbo haumo. Nililia jikoni kwangu bila kuona haya. Siku ya tano niliacha diski ijiendee huku nachambua maharage ya makande, na katikati ya wimbo nilioukataa mara mbili, tarumbeta zikaanza kujibizana. Ungo ulinidondoka. Mwanzo wake nilikuwa nimeusikia Jumapili mbili tu, kisha nikauharibu, nikausahau.

Nikapanda Mhezi na boksi langu na redio ya diski.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Mzigo gani huo?"

"Ule wimbo niliouanika. Huu hapa, mzima."

Akasogeza kigoda, akaelekeza sikio la kushoto kwenye spika. Besi ikaanza peke yake, taratibu, bila ngoma, bila makofi. Mjomba akafumba macho.

"Hapa," akasema, "hapa alikuwa anaingia mama yako."

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba mama, kabla hajaolewa, alikuwa anakwenda kumtembelea kule mkongeni. Kwenye dansi la wafanyakazi, fundi mitambo akiweka santuri hii, besi ikiwa bado peke yake, mama aliingia uwanjani peke yake na watu wote walimpisha. Makofi yakianza, anarudi kukaa.

"Alikuwa anacheza mwanzo tu," akasema mjomba. "Kilichobaki alituachia sisi."

Nikaiona tena ile santuri mapajani mwake pale kizingitini. Haikuwa hasira. Moyo uliniuma, kwa sababu kipande nilichokichoma kwa jua kilikuwa chake, na hakuniambia mpaka anaingia kaburini.

Wimbo ukafika pale tunapopajua. Mjomba akanigusa goti.

"Rudisha mwanzo."

Enzi zetu ningemjibu asubiri Jumapili ijayo. Vijana nimewasema sana, na nitaendelea kuwasema, ila kwa hiki kitufe kimoja mmetushinda. Nikakibonyeza, na mama akaingia tena uwanjani, peke yake.