Vifuniko vya Ijumaa

Phelesia Nyanchoka aliponijia mara ya kwanza kwenye kibanda changu cha mitumba, soko la Homa Bay, alitaka sweta mbili za wanawe na alitaka nimpe karibu bure. Nikamwambia, "Wee nyar Kisii, binti wa Kisii, hizi sweta sikuziokota barabarani!" Naye, bila hata kununa, akanijibu, "Ungekuwa umeziokota, mama, ningekuomba na ya tatu." Nilicheka, na mchuuzi akishacheka bei imekwisha. Nikampunguzia. Tangu siku hiyo akawa anapitia kwangu akitoka kazini, anaketi juu ya furushi la nguo na kunipa umbea wa huko kwao.

Alikuwa mjane. Watu wake walihama Kisii zamani wakaja kulima karibu na Rongo, na mumewe alipofariki aliwaacha watoto kwa nyanya yao akashuka huku ziwani kutafuta riziki. Akaipata Bustani ya Tausi.

Kama hukulea watoto Homa Bay miaka ile ya tisini, huwezi kuijua bustani hiyo. Kulikuwa na bembea, farasi wa chuma wa kuzunguka ambao kijana aliwasukuma kwa mkono, mamba ndani ya kidimbwi cha saruji, kobe mmoja mkubwa, na kibanda cha nyoka. Tausi hakuwepo. Hajawahi kuwepo. Mgeni akiuliza, Gichana wa getini alimwambia tausi amelala, muuza soda alimwambia anataga, na wa bembea alimwelekeza, "Mbele kidogo tu, utamwona." Watu walizunguka bustani nzima na watoto mgongoni wakimtafuta ndege wa hewani.

Yawa, tulicheka! Lakini haikuwa ujinga wao peke yao. Meneja wao, Obare, aliwapa amri moja tu siku ya kuajiriwa: mgeni asiambiwe "sijui", kwa sababu neno hilo linafukuza wateja. Basi kila mtu alijibu. Kobe alikuwa na miaka arobaini getini, na akifika kwenye soda ana mia na hamsini. Phelesia mwenyewe alikaa dirisha la tiketi karibu mwaka mzima akiwasifia watu mamba ambaye hajamwona hata mkia. Aliyekuwa akiwajua wanyama hao ni Magige, Mkuria aliyewakamata na kuwalea, lakini alikosana na mwenye bustani akarudi kwao Kehancha. Aliondoka na yote kichwani.

"Sasa hao nyoka mnawajuaje?" nilimuuliza siku moja.

"Tunasoma kifuniko," akasema. Nikacheka tena, mimi huyu, na kesho yake nikawasimulia majirani sokoni.

Mwaka ambao mwisho wake ulileta ile mvua ya El Niño, binti yangu Celestine alikuwa darasa la kwanza, na alikuwa amefanya vizuri. Babake alikuwa Awendo na malori ya miwa, kwa hiyo zawadi ilikuwa juu yangu. Jumapili, baada ya misa, tukaenda Bustani ya Tausi na gauni lake la kanisani.

Siku hiyo Phelesia alikuwa amepangwa kwenye kibanda cha nyoka. Alifurahi kutuona kana kwamba tumeingia nyumbani kwake. Masanduku yalikuwa yamepangwa mezani, yamezungushwa waya pande zote, na juu ya kila sanduku kuna kifuniko cha mbao chenye jina lililoandikwa kwa rangi. Celestine akaanza maswali. Huyu anaitwaje? Anakula nini? Ana mama? Phelesia akasoma kifuniko kwa sauti ya mwalimu: "Huyu ni nyoka wa nyumba. Anakula panya. Hana sumu." Alikuwa nyoka mdogo wa rangi ya kahawia, amejikunja, hana maneno na mtu.

Nikageuka kuangalia nje nione foleni ya farasi ni ndefu kiasi gani. Mtoto akapitisha kidole kwenye waya.

Nilisikia ukelele wake nikajua ni wangu hata kabla sijageuka. Kidole kilikuwa na vidoa viwili vya damu, vidogo, vya kudharauliwa. Watu wakajaa, na kila mmoja akawa daktari. Muuza soda akasema apakwe mafuta ya taa. Mwingine akasema nyoka kama huyo kwao wanalala naye darini. Obare akaja anahema, akatazama kifuniko, akaweka mkono begani kwangu. "Mama Celestine, usiwe na wasiwasi. Ni nyoka wa nyumba, imeandikwa hapo." Na mimi nilitaka sana kumwamini. Mtoto mwenyewe alishanyamaza, anauliza kama bado atapanda farasi.

Phelesia alikuwa amesimama pembeni. "Bosi," akasema, "lete gari."

"Kwa nyoka wa nyumba?"

"Lete gari, Obare!" Hakuwahi kumwita jina tupu. Obare, nimpe haki yake, alikimbia akaleta pikapu, akatuendesha mwenyewe mpaka hospitali ya misheni bila kugusa breki.

Daktari Omwenga alikiosha kile kidole, akakigeuza geuza, akauliza swali moja. "Ni nyoka gani?"

"Wa nyumba," Obare akajibu upesi. "Hana sumu. Sisi ndio tunaowafuga, daktari."

Nilimwona daktari mabega yakishuka. Akanieleza vizuri, kwa upole, kwamba dawa ya sumu ya nyoka anayo, lakini si ya kumpa mtu ovyo ovyo, maana yenyewe inaweza kumwangusha mtoto. Kama ni nyoka wa nyumba, jeraha limeoshwa, tumekwisha. Niende nyumbani, nikiona jambo nirudi. Kwangu kulikuwa mbali, nyuma ya mlima, na Jumapili jioni magari ya huko hupati. Lakini nani anawaza hayo akishaambiwa mtoto ni mzima? Nilisema asante Yesu, nikamtupa Celestine mgongoni na kuanza kufunga leso.

"Daktari, ngoja," Phelesia akasema. "Hatujui ni nyoka gani."

Obare akamgeukia. "Phelesia, wewe unafanya kazi pale! Utasemaje hujui?"

"Sijui. Na wewe hujui." Maneno yalitoka yamenyooka. "Mwenye bustani ni Msabato, daktari, hata mimi. Ijumaa tunafunga mchana, na usafi wote lazima uishe kabla jua halijazama. Tunaondoa vifuniko, tunamwagia masanduku maji kupitia waya, vifuniko tunavisugua na kuvianika kwenye nyasi. Jua likianza kushuka kila mtu anakimbia. Vya nyoka wengine hakuna atakayekosea. Lakini kuna nyoka wawili wadogo wa kahawia. Ijumaa hii ni mimi niliyerudisha vifuniko vyao, na nilibahatisha. Ijumaa iliyopita alibahatisha Gichana. Tangu Magige aondoke tunabahatisha."

"Na kifuniko cha yule wa pili kinasemaje?" daktari akauliza.

"Swila."

Hata mimi nilijua swila huua mtu. Kisha Obare akasema polepole, "Unaelewa kwamba kesho huna kazi?"

"Naelewa, bosi. Nifute hata sasa hivi."

Na mimi? Mimi nilimrukia. Sitakudanganya, nilimshika kola na kumwita majina ambayo mtu anayetoka misa hapaswi kuwa nayo mdomoni. Mtoto wangu, nikamwambia, umembahatisha mtoto wangu! Ulikaa juu ya nguo zangu ukanichekesha, kumbe unacheza kamari na watoto wa watu! Hakuinua hata mkono kujikinga. Muuguzi ndiye aliyenitoa.

Daktari Omwenga alikuwa ameshamchukua Celestine na kumlaza kitanda cha karibu na dirisha. "Mficha uchi hazai," alisema, sijui akimwambia nani kati yetu. "Mtoto haendi nyumbani leo. Na hiyo dawa itolewe kwenye friji iwekwe hapa karibu."

Tukakaa. Celestine alikuwa mzima kabisa, anacheza na kamba ya pazia, analalamika njaa. Nilianza kuona aibu, kisha nikaanza kukasirika upya, kwamba tumelazwa bure kwa sababu ya mwanamke mwenye maneno mengi. Obare alichungulia mlangoni akatikisa kichwa kama mtu anayesema, si niliwaambia. Jua lilikuwa bado halijagusa ziwa mwanangu aliponiita.

"Mama, kwa nini mko wawili?"

"Nani wawili?"

"Wewe. Na wewe."

Nikamtazama vizuri. Kope zake zilikuwa zinashuka, anazipandisha, zinashuka. Nilipomwambia aseme tena, maneno yalitoka kama ana tonge la ugali mdomoni. Nilipiga ukelele, uwi! Lakini daktari alikuwa tayari ameshafika na sindano mkononi, kwa sababu muuguzi alikuwa ameambiwa aangalie macho yake na kitu kingine asiangalie. Walimdunga dawa, na pumzi ilipopungua wakamwekea kinyago wakawa wanambonyezea hewa kwa mfuko wa mpira, wakipokezana. Mimi nilisali Baba Yetu nikakosea, nikaanza upya, nikakosea.

Asubuhi alifumbua macho yote mawili na kuomba uji wenye sukari nyingi.

Magige aliitwa kutoka Kehancha wiki hiyo, akatazama mara moja na kusema masanduku yamevishwa vifuniko kinyume. Kibanda cha nyoka kilifungwa. Phelesia alifutwa kama alivyoambiwa, ila mwezi ule ule alikuwa ameanza kuuza nami, na leo ana kibanda chake ubavuni mwa changu, na wanawe wale wa sweta ni wanaume wenye ndevu. Bado ni mgumu wa bei. Mteja akimuuliza kama nguo itachuja rangi, anamwambia hajui, aende akaifue aone, na watu humpenda kwa hilo, Mungu ndiye anayejua kwa nini. Mashemeji zangu walinishangaa miaka mingi. Walisema yule ndiye aliyemuumiza mtoto, na mimi ninamgawia chai. Sikugombana nao. Hawakuwepo hospitalini asubuhi ile.

Maana asubuhi ile, mtoto akinywa uji, daktari Omwenga alikaa kitandani amechoka, akaniambia kitu. Alisema sumu ya swila mara nyingine haivimbishi sana, haimlizi mtoto. Inamlegeza tu. Inaanza na kope, halafu shingo, halafu pumzi. "Mama," akasema, "ungedhani ni usingizi."

Nilitoka nje. Nilimkuta Phelesia nyuma ya jiko la hospitali, amekaa chini karibu na kuni, nguo ile ile ya kazi, kola niliyoichana bado imening'inia. Aliponiona alisimama, akafumba macho. Alidhani nimekuja kumalizia.

"Yuko hai," nikamwambia. "Anakunywa uji."

Alishika ukuta. "Nyasae," akasema, akimwita Mungu kwa lugha ya kwao, mara nyingi, kwa sauti ya chini.

Nilitaka kumwambia ero kamano, asante, neno la kila siku, ninalompa hata anayenirudishia chenji. Halikutoka. Badala yake nikaanza kumweleza ambavyo ingekuwa. Nikamwambia tungefika nyumbani jioni, na Celestine angesinzia kabla ya chakula, na mimi ningesema maskini, amecheza sana leo. Ningemvua gauni la kanisani. Ningemlaza mkekani.

"Basi, Mama Celi," Phelesia akasema huku machozi yanamtiririka. "Basi, usiseme."

Lakini ilibidi niseme, kwa sababu alikuwa hajui alichonipa. "Ningemfunika vizuri, Phelesia. Ningewaambia majirani wapunguze redio, mtoto amelala."