Bastola Iliyoombewa Kanisani

Mume wangu aliapa kwamba serikali ya Marekani haitajua kamwe ana nini ndani ya nyumba yetu ya Woodbridge. Hofu hiyo aliambukizwa na jirani, mzee mwenye bendera mbili mbele ya nyumba, aliyemshauri anunue bastola upesi kabla serikali haijaanza kuandikisha wenye silaha ili ije kuwanyang'anya.

"Serikali haipashwe kujua byenye biko mu nyumba yangu," alirudia kwa Kiswahili chake cha Bukavu.

"Baba watoto, si ni hao walichukua fingerprints zako hata kabla hawajakupea tikiti ya ndege?"

Alinuna. Kwake, mimi Mkenya sijui serikali ni kitu gani.

Nilichojua mimi ni usingizi wake. Vita alivyokimbia humrudia ndotoni, akaruka na kushika chochote kilicho karibu. Mara moja alinikaba koo, akaamka analia. Niliogopa siku ambayo kilicho karibu kitakuwa bastola, na nilimwambia hivyo. Akajibu kwamba ndiyo maana anaitaka: akiwa nayo kwenye droo ya kando ya kitanda, atalala.

Alipokwenda kuinunua, dukani walimkagua kwa kompyuta, jibu likaja kwamba asubiri. Kule kambi ya wakimbizi alikotoka, asiyejua siku aliyozaliwa aliandikiwa Januari mosi, basi nusu ya waumini wenzetu kanisani, waliotoka huko pia, wana siku hiyo moja, na majina nayo yanafanana. Mashine haikujua mume wangu ni yupi kati yao. Mtu aliyeogopa kujulikana akarudi nyumbani amefura kwa sababu hajulikani!

Sasa, sisi jambo likikwama hulipeleka kwenye maombi. Jumapili alisimama mbele ya kanisa akaeleza yote: duka, aina ya bastola, hata droo atakamoiweka. Mchungaji akamsihi Mungu afungue njia, na ibada nzima ilikuwa inarushwa mubashara mtandaoni. Jirani yetu angezimia.

Njia ikafunguka katikati ya wiki: dukani wakasema aje aichukue. Walikuwa wamechunguza kama aliwahi kufungwa au kushtakiwa. Mimi ninayelala naye hakuna aliyenipigia simu.

Kabla hajaenda kuichukua, tuliitwa sote wawili madhabahuni kutoa shukrani. Nikapewa maikrofoni.

"Wapendwa," nikasema, "mume wangu huota vita, na anayekabwa ni mimi. Niombeeni. Naogopa kufa kitandani mwangu."

Mchungaji, kwa mazoea, akasema, "Amina."

Ndani ya gari mume wangu alikuwa na macho mekundu. "Umenipatisha haya mbele ya bantu."

"Najua. Lakini wewe nilikuambia, ukanijibu habari za droo."

Kesho yake alimpigia muuzaji simu, akasema haitaki tena. Kisha akachukua mto wake akahamia sebuleni, asije akaniumiza. Nililia sana. Halafu, Mungu anisamehe, nililala vizuri kuliko usiku wowote wa ndoa yetu.